Gari Ni Lako, Barabara Ni ya Watu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika darsa zetu za baada ya Alasiri tumezoea kuulizana maswali makubwa: mikopo yenye riba, mirathi, ndoa ya mbali kwa njia ya simu. Katika toleo hili naleta swali linaloonekana dogo, lakini limo katika nyumba nyingi za Arua na Koboko. Mtu amenunua gari kuukuu kwa bei nafuu. Injini imeharibika. Pesa ya gereji hana. Je, inajuzu aifungue injini mwenyewe pale nyumbani, ilhali hajawahi kuifanya kazi hiyo? Akishaifunga, anaruhusiwa kuwapakia watu wengine? Na siku akiliuza gari hilo, amwambie nini mnunuzi?

Wapo watakaosema kwamba hili ni swali la spana na halina uhusiano na sharia. Mimi naona sivyo. Palipo na mali, madhara na neno la mtu kwa mwenzake, pana hukumu. Fiqhi haikuishia kwenye udhu na nguzo za swala. Sehemu kubwa ya vitabu tunavyosoma darasani ni kuuza, kukodi, kuweka amana na kulipa kilichoharibika.

HALI YETU ILIVYO

Anayeijua barabara ya Arua kwenda Koboko anajua ninachosema. Ni zaidi ya kilomita 50, inapita Maracha, inafika Koboko, kisha inaendelea hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Tangu lami ilipowekwa, safari iliyokuwa ya nusu siku wakati wa mvua imekuwa fupi, na kila mwenye mshahara mdogo au duka dogo anatamani kuwa na gari. Mwalimu anataka, muuza simsim anataka, muuguzi wa zahanati anataka.

Pesa iliyopo mkononi mwa watu hao inanunua gari la miaka ya tisini: Toyota Corona Premio, Carina, na ndugu zao. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu lilipotengenezwa, lakini haikuyaondoa barabarani yale yaliyokwisha kuingia. Hayo ndiyo yanayozunguka mkono hadi mkono, na kila mnunuzi anarithi siri za mwenye gari aliyetangulia.

Siri mojawapo kubwa ni gasketi ya hedi, ile ambayo mafundi wetu huiita topu gasketi. Kwa asiyejua, nieleze kwa ufupi. Injini ina sehemu mbili kubwa zilizofungwa pamoja kwa boliti ndefu. Chini ni bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ni hedi, penye valvu na plagi. Katikati yao huwekwa gasketi, karatasi ngumu nyembamba yenye matundu, inayotenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa petroli, maji ya kupoza na oili. Gari likichemka mara kwa mara kwa sababu rejeta imeziba, au kwa sababu mtu aliitoa thermostati akidhani anasaidia, hedi hupinda na gasketi huungua. Hapo maji huingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hutoka nyuma. Maji ya rejeta hupungua kila siku bila tone kuonekana chini.

Kuibadilisha gasketi yenyewe si gharama kubwa. Gharama ni kazi ya kuifikia. Lazima umwage maji, ufungue mikanda, uondoe mabomba, utoe kamshafti, kisha ulegeze boliti za hedi kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati. Wakati wa kufunga unafanya kinyume chake: unaanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa nguvu iliyopimwa. Hedi yenyewe lazima ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, kwa sababu upinde wa unene wa unywele mmoja unatosha kuiharibu kazi yote. Ikiwa imepinda, inapelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha.

Binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Koboko, alinunua Premio ya namna hiyo. Muuzaji alimwambia gari halina tatizo lolote. Katika wiki ya tatu likaanza kuchemka kwenye vilima vya Maracha. Sehemu ya fedha aliyonunulia ilikuwa ya akiba yake, na sehemu ilikuwa ya ng'ombe wawili wa mama yake. Gereji ilimtajia bei inayokaribia mishahara yake ya miezi miwili. Kaka yake ana sanduku la spana, na kwenye simu kuna video za mafundi wa kila nchi. Akaja kuniuliza, eti kwa kuwa nasoma sharia: anaruhusiwa kuifungua mwenyewe chini ya mwembe wa nyumbani?

HOJA YA KURUHUSU

Hoja ya kwanza inajulikana na kila mtu: gari ni lake. Asili ya mambo katika mali ya mtu ni uhuru wa kuitumia. Anayetaka kuubomoa ukuta wake ili aujenge upya hahitaji fatwa.

Hoja ya pili ni heshima ya kazi ya mikono katika dini yetu. Mama Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake. Kiongozi wa umma, ambaye maswahaba wangeshindana kumtengenezea kiatu, aliketi akakitengeneza mwenyewe. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Nabii Nuh (A.S.) alijenga jahazi huku watu wake wakimcheka. Nabii Dawud (A.S.) alilainishiwa chuma na Mola wake akaamrishwa atengeneze deraya. Ukiisoma aya hiyo katika Sura Saba'i kwa makini, utaona kwamba amri haikuishia kwenye kutengeneza. Aliambiwa pia apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Nabii wa Mwenyezi Mungu, mwenye chuma laini mkononi, bado aliagizwa vipimo. Anayefunga boliti za hedi kwa kukisia tu, "inatosha hapo", hajaielewa aya hiyo.

Hoja ya tatu ni ya umaskini. Sharia haimkalifishi mtu asichokiweza. Ikiwa gereji haifikiki, na gari ndilo linalompeleka mama hospitali, basi kumwambia mtu akae akisubiri fedha isiyokuja ni kumtia katika dhiki nyingine.

Hoja hizi tatu zina nguvu, na mimi nazikubali. Lakini hazijibu swali lote.

HOJA YA KUKATAZA

Katika Sunan za Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kuna hadithi ambayo maana yake ni kwamba mtu anayejitia kuganga hali hakujulikana kabla ya hapo kuwa mganga, yeye ni mdhamini wa kitakachoharibika. Wanavyuoni wameichukua hadithi hii kuwa msingi wa hukumu ya kila anayeingia katika kazi asiyoijua. Nia njema haimwokoi. Hata akisema, "Nilitaka kumsaidia tu," mkono uliopooza ni juu yake.

Ibnul Qayyim, alipoifafanua hadithi hii katika Zadul Ma'ad, aliwagawa matabibu mafungu. Yupo mjuzi aliyetimiza haki ya kazi yake kwa idhini ya mgonjwa, kisha madhara yakatokea, huyu hadaiwi. Yupo mjinga aliyemhadaa mgonjwa akadhaniwa kuwa mjuzi, huyu anadaiwa. Lakini akaongeza jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka: ikiwa mgonjwa anajua kwamba huyu hana ujuzi, na pamoja na hayo akamruhusu amtibu, basi dhamana inaondoka, kwa sababu mgonjwa hakuhadaiwa.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kufunguka. Anayetengeneza gari lake mwenyewe ni mganga na mgonjwa kwa pamoja. Anajua kwamba hajui, na amejiruhusu. Kwa upande wa mali yake hakuna aliyehadaiwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini pia haupelekwi kwa kadhi.

Tatizo ni kwamba gari halikai chini ya mwembe. Siku ya Ijumaa linabeba majirani kwenda msikitini. Siku ya soko linabeba mama mwenye magunia. Linapita mbele ya shule wakati watoto wanatoka. Watu wote hao hawakuulizwa kama wanaridhia ujinga wa fundi. Ile idhini iliyomwondolea mtu dhamana katika nafsi yake haipo kwao. Na kanuni kubwa ya fiqhi, iliyotokana na hadithi mashuhuri, ni kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuriana. Gari ni lako, lakini barabara ni ya watu.

UGUMU NA HATARI NI VITU VIWILI

Je, basi tukataze? Wengi wanaosikia hoja hiyo ya pili husema ndiyo, mtu aache injini kwa wenyewe. Nadhani wanakosea, na kosa lao linatokana na kuchanganya mambo mawili: ugumu wa kazi na hatari ya kazi.

Kubadilisha gasketi ya hedi ni kazi ngumu. Ina hatua nyingi, inahitaji uvumilivu, na kosa dogo linakurudisha mwanzo. Lakini tujiulize: ikifanywa vibaya, kwa kawaida hutokea nini? Gari linachemka tena. Oili inachafuka. Injini inakosa nguvu au inakataa kuwaka. Kwa kawaida anayeumia ni mwenye gari, katika mfuko wake.

Sasa tuitazame kazi nyingine: kubadilisha pedi za breki. Hiyo ni rahisi. Kijana wa miaka 15 anayeshinda gereji anaweza kuifanya kabla chai haijapoa. Lakini ikifanywa vibaya, boliti moja ikisahaulika au hewa ikibaki kwenye bomba la maji ya breki, hutokea nini? Gari lenye watu saba linashuka kilima na halisimami. Kadhalika nati za magurudumu. Kadhalika maungio ya usukani.

Na sisi tunafanya nini? Injini, kwa kuwa inatisha macho, tunaikimbia na kutafuta fundi mkubwa. Breki, kwa kuwa ni rahisi, tunampa yeyote aliye karibu, au tunanunua pedi za bei ya chini kuliko zote sokoni, au tunangoja hadi chuma kilie juu ya chuma. Tumekuwa waangalifu kwa mali yetu na wazembe kwa roho za watu, kisha tunauita uangalifu wetu hekima.

Sharia inapima kinyume cha hivyo. Kuhifadhi nafsi kunatangulia kuhifadhi mali. Hili tunalikariri katika somo la maqasid tangu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo nilimjibu binamu yangu hivi: injini unaweza kujifunzia, kwa masharti. Breki na usukani usijifunzie kwenye gari ambalo kesho litabeba watu, mpaka awepo anayejua wa kukagua kazi yako, hata kama kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Atakuja mwenye kupinga aseme: injini nayo inaweza kuua. Gari likizimika usiku katikati ya barabara, lori likalivaa, si ni roho zimepotea? Bomba la petroli likifungwa ovyo juu ya injini ya moto, si litawaka? Kweli. Ndiyo maana nimesema "kwa kawaida" na nimesema "kwa masharti". Sharti la kwanza ni kwamba ndani ya kazi hiyo ngumu, ajue ni vipengele gani vinagusa roho za watu. Bomba la petroli ni kimojawapo. Hapo asimamishe mkono, aite anayejua. Sharti la pili ni kwamba gari lisibebe mtu yeyote mpaka mwenyewe amelijaribu siku kadhaa, peke yake, mchana, karibu na nyumbani, akipima maji na oili kila jioni. Sharti la tatu ni kwamba baada ya siku hizo, akimpakia mtu, amwambie ukweli: gari hili nimelitengeneza mwenyewe. Anayetaka kupanda apande akijua. Hapo ile idhini aliyoitaja Ibnul Qayyim imepatikana kwa kiasi chake.

Na kufunga kamba kunatangulia kutawakali. Mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au atawakali tu aliambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kisha atawakali. Kusema Bismillahi kabla ya kuwasha injini ni ibada, lakini hakuwezi kuwa badala ya kupima.

MALI YA NANI?

Kuna jambo jingine ambalo binamu yangu hakuliuliza, nikalazimika kumuuliza mimi. Nilisema gari ni lake. Lakini ng'ombe wawili wa mama yake wamo ndani ya gari hilo. Katika nyumba zetu za West Nile ni nadra mali kubwa kuwa ya mtu mmoja. Mjomba alitoa kitu, shangazi aliuza muhogo, kaka alikopa kwenye chama. Kadi ya gari ina jina moja, lakini haki zimo nyingi.

Mwenye kushirikiana na wengine katika mali hawezi kuicheza kamari ya kujifunza bila idhini yao. Akiiharibu hedi kwa kukaza boliti kupita kiasi, ameharibu pia ng'ombe wa mama. Na hata mali ikiwa yake pekee, Mtume (S.A.W.) alichukia kupoteza mali. Mtu anayeifungua injini kwa kiburi, ili aonekane mwanamume mbele ya majirani, bila kusoma, bila kuuliza, bila kupanga boliti zake kwa mpangilio, huyo anapoteza mali hata kama hakuna aliyemdhulumu. Tofauti ya kujifunza na kupoteza haipo katika matokeo. Ipo katika maandalizi. Wawili wanaweza kuharibu injini mbili kwa kosa lilelile, mmoja akawa na udhuru na mwingine asiwe nao.

Binamu yangu alikwenda kwa mama yake. Mama alimwambia, "Mwanangu, mimi injini siijui. Lakini wewe nakujua. Ukikasirika acha, nenda ukaswali, urudi kesho." Nimesoma kurasa kadhaa kuhusu masharti ya idhini, na sijaona sharti lililowekwa vizuri kuliko hilo.

Kazi ilichukua siku kumi, kwa sababu alikuwa anafundisha mchana. Kila boliti aliitia kwenye kipande cha boksi alichokichora umbo la injini, ili kila moja irudi mahali pake. Hedi aliipeleka Arua kwa basi, ikiwa imefungwa kwenye blanketi, ikakutwa imepinda, ikasawazishwa. Spana ya kupimia nguvu aliazima kwa fundi mzee, ambaye alikubali kwa sharti kwamba aje aone boliti zinavyofungwa. Gari likawaka. Halikuchemka tena katika mwezi ule wala uliofuata.

SIKU YA KUUZA

Miezi minane baadaye alitaka kuliuza, maana mama alikuwa amelazwa na fedha ilihitajika. Hapa ndipo mtihani wa kweli ulipokuja, na naamini ni mzito kuliko ule wa injini.

Hadithi ya rundo la nafaka tunaijua sote. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono wake katika nafaka sokoni, akakuta majimaji chini. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akasikia onyo kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Tazama kwamba muuzaji yule hakusema uongo kwa ulimi. Kosa lake lilikuwa mpangilio: zuri juu, bovu chini.

Watu wetu wana njia ya kukwepa. Husema, "Nakuuzia kama lilivyo, angalia mwenyewe." Je, neno hilo linamtoa muuzaji? Wanavyuoni wamekhitilafiana. Katika madhehebu ya Hanafi sharti la kujitoa katika kila kasoro linakubalika kwa upana. Katika madhehebu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba linamtoa tu katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Lakini ipo kesi iliyopokewa na Imam Malik katika Muwatta ambayo inatufunza zaidi ya khitilafu hiyo. Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akarudi akilalamika kwamba kuna ugonjwa. Wakafika kwa Uthman (R.A.), naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuwa na habari ya ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa. Akarudishiwa, na baadaye akauza kwa dirham 1,500.

Zama zile si zetu, na tunamshukuru Allah kwamba biashara hiyo imekwisha. Lakini njia ya hukumu ni hai. Uthman hakuuliza mkataba ulisemaje tu. Aliuliza: ulijua? Swali hilo mtu anaweza kujiuliza mwenyewe kabla ya kushika pesa. "Kama lilivyo" ni maneno ya haki kwa asiyejua. Kwa anayejua ni nafaka kavu iliyowekwa juu.

Muuzaji wa kwanza, yule aliyesema gari halina tatizo, huenda alijua na huenda hakujua. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Binamu yangu alijua. Mnunuzi alipokuja kutoka upande wa Oraba, alifungua boneti akamwambia: hedi hii imewahi kupinda, nimeibadilisha gasketi kwa mkono wangu, fundi fulani aliona, na tangu siku hiyo halijachemka. Mnunuzi alishusha bei papo hapo, na alishusha sana. Gari hilohilo, kwa kunyamaza tu, lingelipa siku kadhaa zaidi za hospitali.

Sitamwambia msomaji kwamba baadaye alipata malipo ya ajabu, kwa sababu hakupata. Alipata bei pungufu, na mengine ya matibabu alikopa kwa marafiki. Hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) inatufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Baraka haikuahidiwa kuwa ni noti zaidi. Ninachojua ni kwamba mnunuzi yule anaendesha gari akijua apime nini na asikilize nini, na hatachemka kilimani akiwa na watoto ndani bila kuelewa kwa nini. Ukweli wa muuzaji ulikuwa pia spana mkononi mwa mnunuzi.

NA SISI TUNAOSOMA DINI?

Namalizia na jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Imam Ghazali katika Ihya aliziweka kazi za lazima za maisha, kama ukulima, ufumaji na ushonaji, katika fardhi kifaya: asipopatikana wa kuzifanya, umma mzima una lawama. Kisha akashangaa kuona miji isiyo na tabibu Mwislamu, huku watu wakisongamana katika elimu ya fiqhi na mijadala yake. Aliyasema hayo akiwa yeye mwenyewe ni bingwa wa fiqhi. Hakuidharau, aliona mizani imeinama upande mmoja.

Tukiangalia kwetu, tunaona nini? Vijana wanaotengeneza magari tunawaita "watoto wa gereji" kwa dharau. Tunawapelekea gari, tunabishana nao bei, tunawashuku wizi, kisha Ijumaa tunaketi mbele yao msikitini kana kwamba elimu yetu ni nuru na yao ni grisi. Lakini breki zinazonileta chuoni nikiwa mzima zilifungwa na mmoja wao. Yeye ameondoa lawama shingoni mwangu mimi na wewe. Na ikiwa hajafunzwa vizuri, hana spana ya vipimo, hajui kwamba anadhamini anachokiharibu, basi sehemu ya lawama hiyo imerudi kwetu. Imepokewa kwamba Ali (R.A.) aliwafanya mafundi wawe wadhamini wa wanachokabidhiwa, akiona kuwa watu hawatengenekei ila kwa hilo. Abu Hanifa aliona tofauti, kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana isipokuwa akizembea. Khitilafu hii tunaijua kwa mtihani. Nani kati yetu ameibeba hadi gereji na kuisema kwa Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa ambacho fundi anakielewa?

Napendekeza jumuiya yetu ifanye jambo dogo likizo ijayo: darsa mbili tatu katika gereji za Arua na Koboko, si za kuwahutubia mafundi, bali za kubadilishana. Sisi tuwaeleze amana, dhamana na kubainisha kasoro. Wao watuoneshe breki mbovu inafananaje na hedi iliyopinda inapimwaje. Sijui ni upande upi utaondoka na deni kubwa zaidi la shukrani.

Ama yule mwenye gari kuukuu nyumbani, anayeitazama boneti na kuwaza, namwachia maswali manne ya kujiuliza kabla hajashika spana. Nikikosea hapa, ni nani ataumia? Mali hii ina haki ya nani mwingine? Nimejiandaa kama mtu anayejifunza, au kama mtu anayejionesha? Na siku nitakapomkabidhi mwingine funguo, nitaweza kuapa?

Tunamuomba Allah atujaalie mikono yenye kupima, ndimi zenye kubainisha, na atusalimishe sisi na wasafiri wote katika njia zetu. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.